Nyumba ya Mama Asiye na Mtu: Historia Kidogo Kabla Hatujaanza Kujenga

Najua ukishika gazeti la maadhimisho kama hili unatafuta kwanza picha za kwaya na sura za waasisi wetu. Zipo kwenye kurasa nyingine, wala sikulaumu ukianza na hizo. Mimi nimeombwa niandike historia, na nimechagua historia ya jambo ambalo limezungumzwa sana mikutanoni mwetu mwaka huu: nyumba ya wajane na wazee wasio na mtu. Wapo wanaosema ushirika ununue kiwanja hapa Kigali ujenge. Wapo wanaosema hapana, mzee akae kwao, kumtoa ni aibu. Nimesikiliza pande zote mbili, na naona tunabishana kana kwamba jambo hili limezaliwa jana. Kumbe nyumba za namna hiyo zimejengwa kwa zaidi ya miaka 600, nyingine mbali sana, nyingine hapa hapa kwetu. Hebu tuziangalie, halafu kila mmoja aende kwenye kikao akiwa na la kusema.

Tuanze Rwanda.

Kinyarwanda kina neno ambalo ndugu zetu wa Kampala, Bukavu na Mwanza wataona gumu kulitafsiri: incike. Ni mzazi aliyefiwa na watoto wake wote akabaki peke yake. Kwa Kiswahili inabidi useme sentensi nzima, kwa sababu sijaona neno moja linaloingia hapo. Zamani mtu wa namna hiyo hakujengewa nyumba yake ya pekee. Alikuwa na kilima chake, ukoo, majirani. Shemeji alimlimia, mtoto wa ndugu alitumwa akalale kwake amchotee maji na kuwasha moto. Hiyo ndiyo desturi ambayo wale wa "mzee akae kwao" wanaitetea, na ilikuwa desturi nzuri.

Lakini desturi inabebwa na watu. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, zaidi ya watu milioni moja waliuawa ndani ya siku 100. Viko vilima ambako shemeji hakubaki, mtoto wa ndugu hakubaki, na jirani aliyebaki pengine ndiye aliyeshika panga. Sasa mwambie mama wa kilima hicho "kaa kwako". Kwake ni wapi? Kwa nani? Hapa ndipo hoja ya desturi inapoishiwa nguvu.

Angalia wajane wenyewe walichofanya. Mwezi Januari 1995, wakati nchi bado inanuka moshi, wajane 50 walikutana hapa Kigali wakaanzisha chama chao, AVEGA, ambacho baadaye kiliongezewa jina Agahozo, yaani kitu cha kufuta machozi. Hawakungoja mtu aje na mradi. Walianza kwa kukaa pamoja na kulia pamoja, kisha wakaingia kwenye mambo ya tiba, nyumba na sheria. Neno hilo la mwisho, sheria, usilipite haraka. Kwa mila, mwanamke hakurithi ardhi. Mume amekufa, watoto wamekufa, na shamba linadaiwa na binamu wa mume. Ilibidi ingojwe sheria ya mwaka 1999 ndipo mjane na binti wakapata haki ya kurithi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mama huyu atajengewa wapi, palikuwa na swali lingine: ile nyumba na shamba alivyokuwa navyo, nani amevichukua? Mimi nadhani watumishi wengi tunalikwepa swali hilo kwa sababu kujenga kuna picha nzuri, na kufuatilia kesi ya shamba hakuna picha.

Mwaka 1998 serikali iliunda mfuko wa kusaidia manusura, ule wa FARG, na nyumba nyingi zilijengwa, nyingine kwa nguvu za watu wakati wa umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini miaka ilivyokwenda, wale mama wakazeeka, na ikaonekana jambo ambalo matofali hayawezi kulitatua. Mama ana paa, ana mlango, ana mituweli ya matibabu. Usiku anaanguka kutoka kitandani na hakuna wa kumwinua. Maji yako bombani chini ya kilima naye yuko juu. Anapika mara moja kwa siku mbili, kwa sababu kumpikia mtu mmoja kunakatisha tamaa, hata wewe unajua.

Ndipo zikatokea nyumba zinazoitwa Impinganzima. Zilianzishwa na Unity Club Intwararumuri, umoja wa viongozi wa nchi na wenzi wao ulioundwa mwaka 1996 na mke wa Rais, Mama Jeannette Kagame. Ziko Huye, Bugesera, Nyanza na Rusizi. Humo wazee waliobaki peke yao wanaishi pamoja, wana walezi, wana tiba karibu, na vijana wanakuja kuwatembelea. Na jina likabadilishwa. Hawaitwi tena incike, wanaitwa Intwaza, jina lenye kubeba ushujaa wa kuendelea mbele. Mtu anaweza kusema jina ni jina tu. Lakini jaribu wewe kuitwa kila siku kwa msiba wako, asubuhi "habari yako, uliyefiwa na wote", jioni hivyo hivyo.

Kando ya nyumba hizo lipo jambo jingine la Rwanda ambalo naona lina uzito kuliko majengo. Mwaka 1996 pale Butare, wanafunzi wa chuo kikuu waliobaki yatima walianzisha AERG. Walichofanya ni kujigawa katika familia. Mwanafunzi wa miaka 24 anachaguliwa kuwa baba, mwingine anakuwa mama, nao wana "watoto" wa mwaka wa kwanza. Baba wa namna hiyo anauliza daftari, anakwenda hospitali, anasimama kwenye harusi ya mtoto wake. Hakuna tofali hata moja. Waliomaliza masomo wakaunda GAERG mwaka 2003, na vijana hao hao, miaka baada ya miaka, wamekwenda kukarabati nyumba za wazee manusura na kukaa nao. Yatima akawa mtoto wa asiye na mtoto. Naomba ulishike hilo, tutalirudia.

Sasa tuvuke mpaka, maana sisi ni ushirika wa mipaka mingi.

Ukitoka Gatuna kuingia Kabale, kuna ziwa Bunyonyi, na katikati ya ziwa kisiwa kinaitwa Bwama. Mwaka 1931 Daktari Leonard Sharp alianzisha hapo makazi ya wagonjwa wa ukoma. Huyo Sharp na mwenzake Stanley Smith ndio waliofungua misheni iliyofika Gahini, ambako uamsho wa miaka ya 1930 ulitokea, ule ambao bibi zetu walisimulia. Basi watu wa uamsho walikuwa pia watu wa kujenga makazi. Wagonjwa walipelekwa kisiwani kwa sababu vijijini walifukuzwa, na pale walipata tiba, kanisa na majirani. Leo ukifika Bwama utakuta shule. Ugonjwa ulipopata dawa, majengo yalipata kazi nyingine. Sijui nyumba nyingi za huruma zilizomaliza vizuri namna hiyo.

Tanzania mambo yalikwenda tofauti kidogo. Ndugu zetu wa Dar es Salaam mnaijua Nunge, kule Kigamboni. Wa Shinyanga mnaijua Kolandoto, wa Singida mnaijua Sukamahela. Leo tunaziita makazi ya wazee wasiojiweza, ziko chini ya ustawi wa jamii. Lakini uliza zilikoanzia. Hizo na nyingine kadhaa zilikuwa kambi za ukoma. Mtu alipelekwa huko akiwa kijana. Miaka ya 1980 ikaja dawa ya mchanganyiko, na ukoma ukawa ugonjwa wa kutibika kabisa. Daktari akamwambia mgonjwa: umepona, nenda nyumbani. Nyumbani wapi? Dawa iliua vijidudu, haikurudisha vidole, na wala haikurudisha nafasi ya kukaa kwenye mkeka wa nyumbani. Wazazi wamekufa, ndugu wamegawana mashamba, wengine wanaona bado ni hatari kula naye sahani moja. Basi akabaki. Akaoa mwenzake wa kambini, wakazaa, wajukuu wakakua humo humo. Kambi ikageuka kijiji cha wazee bila mtu kupanga. Sera ya wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inasema wazi kwamba mahali pa mzee ni kwenye familia na makazi ni hatua ya mwisho. Maneno mazuri. Ila wale wa kambini, familia yao ndiyo ile kambi.

Kwa hiyo naomba tusiulize tu kama nyumba ya wazee ni nzuri au mbaya. Tuulize mzee amefikaje pale. Kama ametupwa na watu wake wenye uwezo, nyumba yetu itakuwa inawarahisishia kumtupa. Kama watu wake hawapo kweli, hapo ni habari nyingine.

Nairobi nitapita haraka: mnajua Mji wa Huruma unaoendeshwa na jiji, na kule Kasarani masista wa Little Sisters of the Poor wana Nyumba ya Wazee. Masista hao shirika lao lilianzia Ufaransa mwaka 1839, wakati mwanamke mmoja, Jeanne Jugan, alipomchukua bibi kizee kipofu akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Walikula kwa kuomba mlango kwa mlango na kapu mkononi. Njia hiyo inawezekana, lakini inataka mtu aliyejitoa maisha yake yote, si kamati inayokutana kila baada ya miezi mitatu.

Zanzibar nataka tukae zaidi, kwa sababu ya neno moja. Sisi tunasema "kuweka wakfu". Tunaweka wakfu mchungaji, tunaweka wakfu jengo, kwa maombi na mafuta, kisha tunakwenda kula pilau. Neno hilo limetokana na Waislamu wa pwani, na kwao lilikuwa jambo la karatasi na hesabu. Mtu mwenye nyumba Mji Mkongwe au shamba la mikarafuu alitamka mbele ya mashahidi kwamba mali hii sasa haiuzwi, hairithiwi, haitolewi tena. Mapato yake yatakwenda kwa fulani na fulani, au kwa maskini, au kwa msikiti, siku zote. Wengine walitaja watumwa wao waliowaachia huru, kwamba waishi katika nyumba hiyo wao na wazao wao. Unaona? Mzee aliyetumikishwa maisha yote, hana ukoo kwa sababu alinyakuliwa bara akiwa mtoto, akapata chumba ambacho mwenye nyumba mpya hawezi kumtoa, kwa sababu hakuna mwenye nyumba mpya. Mwaka 1905 Waingereza waliunda kamisheni ya kusimamia wakfu hizo, na mpaka leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu, na Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu ambazo watu wa hali ya chini wanakaa kwa kodi ndogo.

Mtu atasema, ngoja mwinjilisti, huyo tajiri wa mikarafuu si ndiye aliyemiliki watumwa? Ndiyo. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar kwa amri ya 1897, na sehemu ya utajiri uliojenga nyumba hizo ilitoka katika jasho la hao hao waliokuja kupewa chumba. Sitaki kulifunika hilo. Sadaka ya nyumba haisafishi ilikotoka pesa. Tutalikuta tena Ulaya, subiri kidogo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Abeid Karume alijenga nyumba za wazee pale Sebleni, na ile ya Welezo, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kikatoliki, ikaendelea chini ya serikali. Pemba wana Limbani, Wete. Na mwezi Aprili 2016 Zanzibar ikafanya kitu ambacho kilishangaza wengi: kila mzee aliyefika miaka 70, awe tajiri au maskini, alianza kulipwa shilingi 20,000 kila mwezi kutoka hazina ya serikali yao wenyewe. Kiasi kilikuwa kidogo. Lakini bibi mwenye fedha yake mfukoni ndani ya nyumba ya mwanawe anasikilizwa tofauti na bibi asiye na kitu. Wakwe watanielewa. Hapa Rwanda pia, mpango wa VUP ulioanza 2008 unawapa fedha za kila mwezi watu wa kaya maskini wasioweza kufanya kazi. Fedha kidogo, mkononi mwa mzee mwenyewe, wakati mwingine zinamweka kwao vizuri kuliko ukuta tutakaomjengea.

Sasa Ulaya, kwa ajili ya wapendwa wetu mlioko Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, ambao mnapita mbele ya nyumba hizi kila siku mkidhani ni bustani za watalii.

Katika mji wa Haarlem, Uholanzi, kuna mlango mdogo barabarani. Ukiingia unakuta ua wenye maua, na kuzunguka ua huo nyumba ndogo ndogo zimeshikana, kila moja na mlango wake. Wanaziita hofje. Ile ya kwanza ya mji huo ni ya mwaka 1395, iliyotokana na wosia wa mtu mmoja aitwaye Dirck van Bakenes, kwa ajili ya wanawake wasio na uwezo. Hata leo wanawake wanaishi humo. Piga hesabu: zaidi ya miaka 600, vita vimepita, tauni imepita, Wakatoliki na Waprotestanti wamepigania mji huo, na mlango bado unafunguliwa na mama mzee mwenye ufunguo wake. Haarlem ina hofje karibu 20, na mji wa Leiden una kama 35.

Kwa nini hazikufa? Kwa sababu Dirck na wenzake hawakuacha nyumba tu. Waliacha na mashamba, au kodi za nyumba nyingine, na watu wa kusimamia hesabu. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wasio na watoto. Mapato yaliezeka paa lilipovuja, na katika hofje nyingi yalimpa mama mkate na kitu cha kuwasha moto, ule udongo mkavu wa bwawani ambao sisi Rwanda tunauita nyiramugengeri. Masharti yalikuwepo pia: mara nyingi awe mwanamke asiye na mume, amefika miaka 50, wa kanisa fulani, mwenye tabia njema, arudi kabla lango halijafungwa. Mengine yalikuwa ya kuonea. Ukiwa maskini wa kanisa lingine, pole.

Ujerumani, katika mji wa Augsburg, kuna mtaa mzima wa namna hiyo unaitwa Fuggerei, ulioanzishwa na tajiri Jakob Fugger. Hati yake ni ya mwaka 1521. Kodi ilikuwa gulden moja kwa mwaka, na mpaka leo ni ile ile: senti 88 za euro kwa mwaka mzima, pamoja na sala tatu kila siku. Usicheke, ni kweli. Zina nyumba 67, kila makazi yana mlango wake wa barabarani, na kamba ya kengele ya kila mlango ina umbo lake, ili mtu akirudi gizani, kabla ya taa za barabarani, aipapase ajue amefika kwake. Mimi kitu hicho kimenigusa kuliko ile kodi. Mtu aliyewaza kwamba bibi atarudi usiku na atataka kuujua mlango wake kwa mkono, huyo alimwona bibi kama mtu.

Na pesa za kuendesha? Kwa sehemu kubwa zinatoka msituni. Familia ya Fugger iliweka misitu, miti inakatwa kwa mpango na kupandwa tena, na mapato yanaezeka Fuggerei. Mabomu ya vita vya pili vya dunia yaliubomoa mtaa huo mwaka 1944, wakaujenga upya kwa sababu misitu ilibaki.

Niliahidi kurudi kwenye habari ya pesa. Huyo Jakob Fugger ndiye aliyemkopesha askofu Albrecht wa Mainz, na mkopo huo ulilipwa kwa kuuza vyeti vya msamaha wa dhambi, vile vilivyomkasirisha Martin Luther mwaka 1517. Yaani fedha zilizowasha moto wa Matengenezo na fedha zilizojenga nyumba za maskini zilitoka mfuko mmoja. Sijui wewe unalichukuliaje. Mimi naona linatudai tuulize mapema, kabla ya mchango, si baada: huyu anayetaka jina lake liandikwe juu ya lango, fedha zake amezipataje?

Nisisahau picha moja. Mwaka 1664 Haarlem walimwita mchoraji Frans Hals awachore wasimamizi wa nyumba ya wazee wanaume ya mji ule, kamati ya wanaume na kamati ya wanawake. Picha hizo ni maarufu duniani, na nyumba yenyewe ya wazee leo ni jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina lake. Katika picha hizo unaona kamati: kola nyeupe, nguo nyeusi, nyuso za watu wenye mamlaka. Wazee wenyewe hawamo. Na Frans Hals, wakati anawachora, alikuwa na zaidi ya miaka 80, ameishiwa, anaishi kwa posho ya mji na mizigo ya kuni za udongo aliyopewa. Maskini mzee anawachora wasimamizi wa maskini wazee. Sasa fungua ukurasa wa katikati wa gazeti hili uangalie picha za kamati zetu. Nasema kwa upendo.

Turudi Kigali, kwa sababu hapa tulipata somo letu wenyewe, upande wa watoto. Baada ya 1994 makanisa na mashirika yalifungua vituo vya yatima kila mahali, na wakati ule hakukuwa na njia nyingine, watoto walikuwa barabarani. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima: vituo 33, watoto na vijana 3,323. Na ikaonekana wengi wao walikuwa na ndugu wanaojulikana. Walibaki kituoni kwa umaskini, au kwa sababu kituo kilikuwepo. Serikali ikaamua warudishwe katika familia, na mpango ukapewa jina linaloeleweka: Tubarerere mu Muryango, tuwalee ndani ya familia. Wale wasio na ndugu walitafutiwa walezi, wanaoitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi. Kituo cha Mpore Pefa hapa Kigali, kilichobeba jina la kanisa la Kipentekoste, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kufungwa. Baadhi ya watumishi waliumia, waliona kazi ya huruma imevunjwa. Mimi nadhani kituo kilichofungwa kwa sababu watoto wamepata nyumbani kimemaliza kazi yake, kama Bwama.

Lakini mtoto anakua na kuondoka. Incike haondoki. Hana shangazi atakayetafutwa kwenye orodha ya kata. Ndiyo maana nchi hii hii iliyofunga vituo vya watoto ilijenga Impinganzima, na sioni kwamba ilijipinga. Ilimwangalia mtu mmoja mmoja, kwamba huyu ana watu, yule hana.

Basi mkija kwenye kikao, naomba mje na majina badala ya michoro ya fundi. Kila tawi, la Goma, Bujumbura, Kabale, Mwanza, Kigali, liandike wajane na wazee wake: nani ana shamba linaloshikiliwa na mtu mwingine, nani ana mwana aliye mjini anayejifanya hajui, nani hana kabisa. Wa kwanza anahitaji wakili na mashahidi. Wa pili, mwanawe anahitaji kutembelewa na wazee wa kanisa, tena wale wakali. Wa tatu, vijana wetu wa kwaya wangeweza kufanya kama AERG, familia tatu au nne kumchukua mama mmoja awe mama yao kweli, mwenye zamu za maji na zamu za hospitali na mtu wa kulala naye anapougua. Nakisia orodha ya wanaohitaji nyumba yetu itabaki fupi sana. Wakiwa sita, tutajenga milango sita.

Na fedha za mwaka wa pili, wa kumi, wa thelathini? Hapa ndipo nasikia kimya mikutanoni. Kila mtu anataka kuchangia bati, bati lina jina. Mwaka mmoja baada ya kukata utepe, mtu wa kulipa mshahara wa mlezi, sabuni, dawa ya presha na umeme haonekani. Wa Zanzibar waliweka mikarafuu, Haarlem waliweka mashamba, Augsburg msitu. Ndugu zetu wa Kabale walisema kwenye mkutano uliopita kwamba wana kipande cha ardhi mlimani chenye mikaratusi, kinachokaa tu. Mimi ningeanza na hicho: kipimwe, kiandikwe kwa jina la ushirika kwa masharti kwamba hakiuzwi, miti ihesabiwe, tujue inaleta faranga ngapi kwa mwaka na inalisha mama wangapi. Habari za kiwanja cha Kigali zingoje hesabu hiyo.